Tahadhari: Muuzaji wa Treni za Mbao Zenye Sumaku Zinazobanduka

Wazazi na walezi wanaotafuta seti ya treni ya mbao kwa mtoto mdogo wawe macho na muuzaji mmoja wa mtandaoni ambaye hubadilisha jina la duka kila malalamiko yanapomzidi, ilhali picha na maelezo yake hubaki yale yale. Picha hizo ni za seti ya kampuni inayojulikana, nembo ikiwa imefutwa, na maelezo yanadai kwamba reli zake huungana na za BRIO, kampuni ya Uswidi ya treni za mbao. Zilizonifikia haziungani hata zenyewe kwa zenyewe, na katika idadi ya vipande aliyoitangaza amehesabu kila mti na kila kibao cha alama.

Reli mbovu ni hasara ya fedha tu. Jambo zito ni sumaku za kuunganishia mabehewa, ambazo zimebandikwa kwa gundi hafifu, na baadhi zilibanduka nilipozivuta kwa vidole kabla mtoto hajazigusa. Mtoto akimeza sumaku mbili, au moja pamoja na kipande cha chuma, zinaweza kuvutana kutoka sehemu tofauti za utumbo na kubana kuta zake hadi zikatoboka, huku dalili za mwanzo zikifanana na maumivu ya kawaida ya tumbo. Anayeshuku kwamba mtoto amemeza asingoje zitoke kwa choo. Ampeleke hospitali mara moja.

Nilipomuuliza seti inafaa umri gani, alijibu kuwa ni ya umri wote, jibu ambalo muuzaji makini hawezi kulitoa. Kipimo cha vipande vidogo kinachotumika Marekani na Ulaya ni mcheduara (umbo kama la mkebe) wenye kipenyo cha milimita 31.7, na kipande kinachoenea chote ndani yake hakiruhusiwi kwenye kichezeo cha mtoto aliye chini ya miaka 3.

Kuhusu rangi inayobambuka sina kipimo cha maabara, ila mwaka 2007 kampuni ya RC2 ilirudisha kutoka sokoni takriban vichezeo milioni 1.5 vya treni za mbao za Thomas & Friends kwa sababu ya rangi yenye madini ya risasi, na hiyo ilikuwa kampuni yenye anwani. Huyu hana.

Dalili ya kumtambua ni kwamba huomba malipo yafanyike nje ya jukwaa, akiahidi punguzo. Aliyekwisha kununua ayaondoe mabehewa mikononi mwa mtoto, kisha anakili mazungumzo yote mapema, kwa sababu duka linapofutwa hutoweka nayo.