Wale wawili wa ala za kizamani waliopiga Dodoma: wakirudi nendeni, ila spika zizimwe

Wadau wa Dom naona watu wanaulizana kama ile shoo ya wale wageni wawili wa muziki wa kizamani wa Ulaya ilikuwa na maana au ni hela imepotea tu. Mimi nilikuwepo. Wapigaji wenyewe wako vizuri sana, waliowaandalia ukumbi ndio wametuangusha, nawapa nyota nne na ile ya tano nimeikata kwa ajili ya spika.

Kwanza mjue mnaenda kuona nini. Ni dada anayepiga viola da gamba na kaka mwenye theobo. Gamba ukiiona kwa mbali utasema chelo, ile fidla kubwa ya kupigwa umekaa, ila haina kile chuma cha kusimamia chini, anaibana kwa miguu, na shingoni imezungushiwa vikamba vya utumbo vya kuonyesha pa kubonyeza, ni kama gita ila hivi vimefungwa tu na vinasogezwa. Ya huyu dada ina nyuzi saba, za zamani zaidi zilikuwa sita, Wafaransa ndio wakaongeza ya saba kwa ajili ya besi. Upinde anaushika kiganja kikiangalia juu. Mzee mmoja jirani yangu, Mgogo wa Chamwino, aliiangalia wee halafu akasema "hili ni zeze lililoshiba", na kusema kweli sijasikia maelezo bora kuliko hayo usiku ule hata kutoka kwa mshereheshaji aliyekuwa na karatasi.

Theobo sasa ndo kituko, ni ala ya ukoo wa udi, inapigwa kwa vidole kama gita, lakini shingo ni ndefu kuliko mtoto wa darasa la tano, nyuzi kumi na nne, zile ndefu za juu hazibonyezwi kabisa zinapigwa wazi kwa besi. Kaka hana nota zote mbele yake, ana mstari wa besi tu na tarakimu ndogo za kumwelekeza, zile sauti za kupigwa pamoja juu ya besi (kodi za muziki) anajijazia mwenyewe palepale. Kwa hiyo wale mnaodhani muziki wa kinota umekaa kama sheria ya bunge, hapana, jamaa anabuni vilevile kama mpiga solo wetu wa dansi.

Kuna watu nyuma walikuwa wananung'unika kwamba wapigaji wanakaza nyuzi kila wimbo ukiisha, eti hawajajiandaa. Jamani zile nyuzi ni utumbo wa kondoo, si nailoni. Utumbo unanyonya unyevu na kuuachia, na hewa ya Dodoma mnaijua ilivyo kavu, halafu ukumbini feni la ukutani linawashwa, mlango unafunguliwa vumbi linaingia, mlango unafungwa, uzi hauwezi kutulia hapo. Tena wao wanakaza chini kidogo kuliko tulivyozoea, noti yao ya La inatetema mara 415 kwa sekunde wakati kinanda cha kanisani kwenu ni 440, tofauti ya karibu nusu toni, ndo maana dada mmoja wa kwaya alijaribu kuimba nao kwa chini chini akaona haikai.

Sehemu ya kwanza walianza na Tobias Hume, huyu alikuwa mtunzi na mwanajeshi wa kukodiwa, kitabu chake kilitoka 1605, na kuna mahali anaagiza upige nyuzi kwa mgongo wa upinde, kigongo chenyewe. Ukisikia mlio ule tak tak tak unaelewa ni ngoma ya askari. Au ungeelewa, kwa sababu fundi mitambo alikuwa amebandika maiki karibu kabisa na ala na kuipitisha kwenye spika zile za harusi, besi imepandishwa mpaka glasi za maji zinatetemeka. Hii ala ilitengenezwa kwa ajili ya chumba, ina sauti ya mtu anayeongea na wewe meza moja, wewe unaifanyia kama unamtambulisha bwana harusi! Nilikereka sana.

Mapumziko watu kadhaa tukaenda kumwambia kaka wa theobo, akacheka, akachomoa waya mwenyewe. Viti vikasogezwa mbele. Kuanzia hapo ndo shoo ilianza.

Wakapiga Marin Marais, alikuwa mpigaji wa gamba wa mfalme Louis XIV wa Ufaransa kule Versailles, alizaliwa 1656 akafa 1728. Na sasa sikilizeni hii, mwaka 1725 alichapisha kipande kinachoelezea operesheni ya kutoa jiwe kwenye kibofu, bila nusu kaputi maana haikuwepo, na kwenye nota zenyewe ameandika maneno ya kusomwa: mgonjwa anaviona vifaa, anatetemeka, anapanda juu, anafungwa kamba za hariri mikono na miguu, anachanwa, koleo linaingia, jiwe linatoka, sauti inakaribia kumpotea, damu inatoka, anafunguliwa, anapelekwa kitandani. Mshereheshaji alisoma kwa Kiswahili huku gamba ikifuata kila hatua, pale kwenye koleo dada aliburuza upinde hadi wanaume wote mstari wetu tukabana miguu, na mama mmoja akasema kwa sauti "Yesu wangu". Baada ya hapo inakuja ngoma ya furaha kwamba mgonjwa kapona, ukumbi mzima ukapiga makofi kwa mdundo. Kipande chenyewe ni kifupi sana lakini ndicho watu walichokuwa wanakizungumzia kwenye bajaji.

Walimalizia Les Voix humaines (yaani Sauti za Binadamu) ya huyohuyo Marais, taratibu, hapo hakuna wa kukohoa.

Kitu kimoja nawaambia waandaaji. Huu mji una wapiga zeze, hii ndiyo ardhi ya marehemu Hukwe Zawose, gwiji wa muziki wa Kigogo, mnaletaje upinde wa Ulaya Ugogoni bila kumkalisha hata mpiga zeze mmoja pembeni wapige pamoja dakika kumi? Yule mzee wa Chamwino alikuwa na hamu ya kuishika ile gamba, akaishia kuiangalia kwa mbali watu wakipiga nao selfi.

Kiingilio elfu ishirini, kwangu haikuwa ghali kwa kilichopigwa. Wakirudi kaeni mbele upande wa kushoto mkono wa upinde muuone vizuri, na bebeni maji yenu, chupa ndogo pale mlangoni ilikuwa elfu mbili na haikuwa hata ya baridi.