Walitutengenezea mfumo wa mnada wa mbao: uzoefu wangu na hawa mafundi

Nilisema nisiandike, hasira ipoe kwanza. Haijapoa.

Nauza mbao Mafinga. Mimi na wenzangu tulichoka na madalali wa simu, tukaipa kampuni moja kazi ya kututengenezea tovuti ya mnada wa papo kwa papo: mzigo unawekwa na picha zake, mnunuzi anapandisha dau akiwa kwake, na wote wanaliona hapohapo. Kurasa zilikuwa nzuri, malipo ya simu yalipita bila shida. Hayo nawapa.

Sasa siku ya mnada. Lundo la mbili kwa nne limefika 4,000,000, sekunde zinayoyoma. Mteja wa Makambako na mwingine wa Tunduma wakabonyeza 4,200,000 karibu kwa pamoja. Wote wawili wakaandikiwa "Hongera, umeshinda". Lundo moja! Wa Songea naye simu yake saa ilikuwa nyuma, akaendelea kupandisha dau mnada ukiwa umeshafungwa. Yule wa Makambako, ambaye siku zote huanza na "kamwene", safari hii alianza na "mmenifanya mtoto".

Nikapiga ofisini kwao. Meneja akapokea, shikamoo hakuna: "Mama, mfumo hauna tatizo. Mtandao wa huko kwenu milimani ndio mbovu. Waambie wateja wako warifreshi." Akakata.

Huko kwetu milimani! Mafinga ipo barabara kuu ya kwenda Tunduma, jirani na Sao Hill, shamba la miti kubwa kuliko yote ya serikali. Watu wanatuma mamilioni kwa simu hapa kutwa nzima. Na mnada gani huo wa kurifreshi? Ungekuwa uwanjani, dalali angekwambia toka nje, ingia tena ndipo usikie bei?

Usiku kijana wao mmoja alinipigia kwa simu yake mwenyewe. Aliomba radhi, akanieleza ukweli. Ukurasa ulikuwa unaenda kuiuliza seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha mfumo, kila baada ya sekunde kadhaa kama kuna dau jipya. Walipaswa kutumia websoketi, ambapo njia hubaki wazi na seva yenyewe inasukuma dau kwa kila mnunuzi. Kiwango chake rasmi kipo tangu 2011. Yale madau mawili, mfumo ulisoma dau la juu, ukalinganisha, ukaandika, bila kuifunga ile rekodi kwanza ili dau la pili lisubiri, ndiyo maana wote wakapita. Na saa ilifuata simu ya mteja badala ya seva.

Alirekebisha yote. Akaongeza jambo ambalo hata hatukuliomba: dau likiingia mwishoni kabisa, muda unasogea mbele kidogo ili wengine nao wajibu. Mnada uliofuata, nawaambia kweli, ulikuwa raha tupu. Bei zilipanda mbele ya macho yetu, Tunduma na Mbeya wanajibizana, hakuna aliyelalamika. Kwa kazi hiyo nyota nne.

Lakini kazi ilikuwa ya kijana. Ofisi ilinituma nikawaambie wateja wangu kwamba kosa ni la mtandao wao, na mimi nikawaambia hivyo kwa sababu niliwaamini. Nyota mbili. Hapana, moja. Meneja, kama unasoma, mteja wa Tunduma bado anasubiri maelezo. Mpigie wewe, na uanze kwa salamu.