Ekzosi iliyokuja na pikipiki au ile ya mlio?

Pikipiki yangu ni cc 150, kazi yake bodaboda hapa Mbeya, Mwanjelwa na Uyole, siku nyingine Tukuyu. Ekzosi iliyokuja nayo ni nzito. Ndani ina vyumba na mabomba yenye matundu yanayozungusha moshi mpaka mlio unapoa. Ile ya mlio ni bomba karibu tupu lililozungushiwa pamba ya kioo, na pamba ikiungua kelele zinazidi. Ni nyepesi, na ukivuta mafuta moyo unafurahi, sikatai.

Nguvu je? Hapa ndipo vijana tunadanganyana. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini inapungua nguvu hata uifunge bomba gani. Kupanda mlima wa Isyonje, njia ya Tukuyu, nikiwa na mzigo na ekzosi ya mlio, nilibaki gia ileile ya pili. Tena moshi ukitoka kwa wepesi, mchanganyiko wa hewa na mafuta kwenye kabureta unabadilika: usipobadilisha jeti, yaani kile kitundu kinachopitisha mafuta, injini inachemka, na ukiachia mafuta inalia kama baruti.

Abiria ndio walioniamulia. Mama mmoja alinigonga bega: "Mwanangu, hebu simama nipokee simu, hilo dude lako linaniziba masikio." Jioni hiyo nikarudisha ya zamani.