Dirham 1 au fils 50: sarafu mbili za Emirati

Falme za Kiarabu ziliungana Desemba 1971, na fedha yake, dirham (yenye fils 100), ikaanza kutumika Mei 1973. Kabla yake Abu Dhabi ilitumia dinari ya Bahrain, na Dubai riyali ya Qatar na Dubai.

Sarafu ya dirham 1 ina picha ya dele, birika la kahawa: tumbo pana, shingo nyembamba, mdomo uliopinda kama wa ndege. Mtu wa Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa, kahawa chungu ya barazani hutoka humohumo. Fils 50 ina minara mitatu ya visima vya mafuta. Ni haki yake, maana mafuta yaliyoanza kusafirishwa kutoka Abu Dhabi mwaka 1962 ndiyo yaliyojenga nchi.

Mwaka 1995 zote zilipunguzwa ukubwa. Dirham ilishuka kutoka milimita 28.5 hadi 24, ikabaki duara. Fils 50 ikapewa pembe saba, kwa hiyo ukiitafuta mfukoni kidole kinaijua bila kuchungulia.

Kwa matumizi, fils 50 imebuniwa vizuri zaidi. Kwa picha, nachagua dele bila kusita: linamkaribisha mgeni, na lilikuwepo kabla ya visima.