Rubén González au Bebo Valdés: uanze na nani?

Wapiga piano hawa wawili wa Kuba wamepishana mwaka mmoja tu: Bebo alizaliwa 1918, Rubén 1919. Wote wawili dunia iliwajua vizuri uzeeni, ila kwa njia tofauti kabisa.

Rubén alibaki Havana. Miaka ya 1940 alipiga na bendi ya Arsenio Rodríguez, kisha kwa muda mrefu na bendi ya Enrique Jorrín, mwanzilishi wa mtindo wa dansi wa chachacha. Alishastaafu, vidole vinamuuma kwa baridi yabisi, na nyumbani hana piano, alipoitwa studio za EGREM, kampuni ya santuri ya serikali ya Kuba, mwaka 1996. Hapo akarekodi albamu iliyomtambulisha kwa dunia akiwa ameshavuka miaka 75! Sikiliza mkono wake wa kulia: unateremka ghafla kutoka noti za juu, unakatiza mdundo, halafu unatua pale pale besi inapousubiri. Aliyekulia kwenye rumba ya Kongo hatajiona mgeni hapa, maana santuri za Kuba ndizo zilizoilea rumba hiyo.

Bebo ana jazi zaidi. Alifanya kazi klabu ya Tropicana mjini Havana, akaondoka Kuba 1960, akaishia Stockholm, Uswidi, akipiga piano hotelini, hadi mpiga saksafoni wa Kuba Paquito D'Rivera alipomwita kurekodi mwaka 1994. Upigaji wake ni mpana na mtulivu. Kwenye albamu ya 2003 na Diego el Cigala, mwimbaji wa flamenko wa Uhispania, anamwachia mwimbaji nafasi ya kupumua.

Ukitaka kucheza, chukua Rubén. Ukitaka kukaa na kusikiliza, Bebo. Mgeni wa muziki huu mimi ningempa Rubén kwanza, kwa sababu anakamata mapema.