What's Going On ya Marvin Gaye: barza nzima ndani ya dakika 35

Niseme mapema ili asiyependa kusoma marefu aondoke na jibu lake: hii albamu ya Marvin Gaye, mwimbaji wa Kimarekani, ichukue. Ilitoka Mei 1971, ina nyimbo tisa tu, dakika 35 na kidogo, ukiianza baada ya kusali magharibi isha haijaadhiniwa ushamaliza na muda wa kubishana umebaki. Naipa nyota tano, ilikuwa niipe nne na nusu kwa sababu ya nyimbo mbili ntazozisema huko mbele lakini nimeona haya.

Sharti langu moja, usiguse kile kitufe cha kuchanganya nyimbo. Siku hizi tumezowea kudonoa, wimbo mmoja wa huyu, mmoja wa yule, sawa, lakini hii ukiifanya hivyo ushaiharibu maana nyimbo zimeshonwa pamoja, mmoja haujakatika vizuri mwenziwe ushaanza, na nusu ya kwanza hasa huwezi kujua uko wimbo gani mpaka uangalie simu. Na zile programu za bure zinakuingizia tangazo la sabuni katikati, bora ulipie huo mwezi mmoja ujitowe.

Mie nnavyoielewa hii albamu ni barza. Sisemi kwa kupamba, hebu iweke usikie mwanzo wake, kabla Marvin hajafungua mdomo kuna wanaume wamekutana, wanaamkiana, wanaitana, wanacheka. Wawili kati yao wala si wanamuziki, ni Mel Farr na Lem Barney, wachezaji wa mpira wa Kimarekani wa timu ya Detroit Lions, marafiki zake, kawaita studio wakae wapige soga. Halafu inaingia saksafoni ya Eli Fontaine, na inasimuliwa kuwa yule bwana alikuwa anajipasha tu anangoja kazi ianze, Marvin akamwambia basi imetosha nenda zako nyumbani, kile alichokuwa anachezea ndo hicho hicho kimebaki na ndo hicho dunia nzima inakijua. Sasa baada ya salamu mazungumzo yanakwenda vile vile yanavyokwenda kwetu, nani karudi safari, nani hana kazi, mtoto wa fulani kaingia kwenye unga, watoto hawa watakuwaje, Mungu yupo, samaki wamekuwaje, na mwisho kabisa bei za vitu, kodi na serikali. Nenda barza yoyote, Mkunazini au Chake au Wete, mpangilio ni huo huo, na hakuna anayepiga makelele. Hapo ndo uzuri wenyewe ulipo. Marvin hakaripii mtu. Analaumu kwa sauti ya chini, mpaka wewe unayesikiliza ndo unaanza kuona moto.

Kuna watu wataniambia nyimbo za kulaumu dhulma ni za Wamarekani sisi zetu za mapenzi. Yakhe, Siti binti Saad wa Fumba aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri aliimba Kijiti, kesi ya kweli ya hapa hapa Unguja, mwanamke kauliwa, muuaji kakimbilia bara na waliotoa ushahidi ndo wakaishia jela, na kaimba kwa taarabu watu wakiwa wamekaa kitako na udi unafukizwa. Kwa hivyo sikio letu limeshafunzwa zamani kupokea neno chungu ndani ya sauti tamu, ndo maana nasema albamu hii Mzanzibari haimpi tabu, hata Kiingereza kikiwa cha kuunga unga.

Na fidla zimo tele. Mpangaji alikuwa David Van De Pitte, na fidla na chelo zimepigwa na watu wa okestra kubwa ya Detroit. Anayependa taarabu ya zamani, ile ya kikundi kizima chenye fidla nyingi na si hii ya kinanda kimoja, atajiskia yuko kwao. Chini yake lipo gitaa la besi la James Jamerson, hili nalo ni somo peke yake, linatembea linazunguka linarudi, halisimami pahala pamoja hata mara moja, ukipata spika nzuri lifuate hilo peke yake wimbo wa kwanza wote kisha rudia uusikilize sasa kwa sauti. Inasimuliwa siku ile Marvin alikwenda kumtafuta kwenye vilabu, akaja kashalewa hawezi kukaa kwenye kiti, akapiga akiwa kalala chini chali. Mie nikisikia ile besi siamini, lakini wenyewe waliokuwepo ndo wamesema. Kizuri zaidi ni kwamba hii ndo albamu ya kwanza ya Motown, ile kampuni ya kurikodi ya Detroit, kuwaandika kwa majina hawa wapigaji, jamaa wamepiga nyimbo kubwa kubwa miaka yote ile na hakuna anayewajua. Na kwetu je, muulize mtu nani alipiga kanuni katika wimbo anaoupenda kuliko yote, uone anavyokodoa macho.

Sauti ya Marvin yenyewe imewekwa mara mbili, anaimba na huku anajijibu. Ilikuwa bahati, fundi alimtayarishia njia mbili za kuimba achague iliyo bora, akazifungulia zote pamoja kwa kukosea, Marvin akasikia akasema acha hivyo hivyo. Save the Children imetumia hiyo kwa nguvu kuliko nyimbo zote, mmoja anasema neno kwa mazungumzo ya kawaida na mwengine anakuja nyuma yake analiimba. Mara ya kwanza niliona imezidi, sasa naiona ndo sawa.

Historia yake fupi kwa wasiojua. Motown ilikuwa ya Berry Gordy, na Marvin kamuoa Anna dada yake Gordy, kwa hivyo ugomvi wa kazini ulikuwa ugomvi wa nyumbani. Marvin alikuwa kijana wa nyimbo za mapenzi, suti na tabasamu. Mwaka 1970 Tammi Terrell aliyekuwa akiimba naye akafariki kwa uvimbe wa ubongo, Marvin akajifungia. Ndugu yake Frankie alikuwa askari Vietnam na alikuwa akimhadithia aliyoyaona kule. Wimbo wenyewe wa mwanzo aliuleta Obie Benson wa Four Tops, aliona polisi wanavyowapiga vijana kule Berkeley mwaka 1969 akaanza kuuliza maswali, wenzake wa kikundi hawakuutaka. Gordy pia hakuutaka, aliona hautauzika, Marvin akasema basi siimbi chengine. Ukatolewa Januari 1971, ukashika namba moja kwenye chati ya R&B, yaani ya muziki wa Wamarekani weusi, na hapo hapo Gordy akataka albamu nzima haraka haraka, nyengine zote zikarikodiwa mwezi wa Machi. Tajiri ni tajiri.

Wimbo wa pili, What's Happening Brother, ndo alomwekea Frankie. Askari karudi, hajui mambo yamefika wapi, anauliza kazi zinapatikana, zile sehemu za kucheza dansa bado zipo, na katikati ya yote hayo anauliza ati timu yetu mwaka huu itachukua ubingwa? Wallahi hapo ndo nlipompenda huyu mtu. Mwandishi mwengine angeweka mabomu na damu, yeye kaweka mpira.

Sasa Flyin' High (In the Friendly Sky). Huu ndo nnaokaa nao zaidi na watu wengi wanaupita kwa sababu haukuwa wimbo wa redioni. Jina limechezea tangazo la shirika moja la ndege la zama zile, lakini safari anayoisema ni ya heroini. Anaimba kwa sauti nyembamba ya juu, laini, muziki unaelea, na maneno ni ya mtu anayejua kabisa kwamba kile kinachompa raha ndo bwana wake na yeye mtumwa, anajua anakokwenda pana hatari na anakwenda. Hakuna mawaidha. Hakuna "vijana acheni". Sisi hapa visiwani unga tunaujua, kila mtaa una jina la kijana wake, tumeona arosto, tumeona mama anafunga kabati kwa kufuli ndani ya nyumba yake mwenyewe, na wengine alhamdulillahi tumewaona wakirudi kupitia hizi soba hausi. Nyimbo nyingi za kupinga unga zinamsema teja. Huu unaimbwa kutoka ndani yake, na ndo maana unauma. Nimempa kuusikiliza jamaa yangu mmoja aliyepita huko akavua earphone akanambia huyu hakuhadithiwa.

Mercy Mercy Me mnaujua, ule wa mazingira, umepigwa hotelini mpaka watalii wanatingisha vichwa huku wanakunywa madafu kwa mrija wa plastiki. Mafuta yanamwagwa baharini, samaki wana zebaki, hewa imechafuka, mwaka 1971 huo. Kisiwani kwetu mifuko ya plastiki tushaipiga marufuku zamani, chupa za maji nazo zinatutazama ufukweni. Mtamu mno ule wimbo, pengine mtamu kupita kiasi, watu wanaucheza harusini.

Haya, nusu nyota yangu. Right On ni dakika saba na nusu, inaanza vizuri na filimbi na ngoma halafu inazunguka inazunguka, kama kuna pahala pa kwenda kujaza birika ni hapo. Wholy Holy nayo haijanikamata, nasikia heshima yake lakini inajivuta, Aretha Franklin aliuimba kanisani kwenye albamu yake ya 1972 na nnavyoona mie aliutendea haki zaidi. Na mjue dini imo nyingi, Marvin ni mtoto wa mhubiri, anamtaja Yesu wazi wazi. Mie Muislamu haikunisumbua, naskiliza mtu anayemuomba Mola wake kwa dhati, lakini nimesema ili mtu asije akanilaumu.

Inner City Blues ndo unaofunga na unarudisha nusu nyota yote. Besi nzito, ngoma za mkono, na mtu anahesabu: pesa mnazirusha mwezini, wasio nacho je, mshahara haujaonekana ushachukuliwa, bei zinapanda, watoto wanapelekwa kufa, polisi wepesi wa risasi. Hiyo ya mwezini inanichekesha kidogo kwa sababu sie roketi tulikuwa nazo jirani, Tunguu palikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vile vyombo vyao vya anga, alipopita mwanaanga wao John Glenn mwaka 1962 watu wa kituo cha Zanzibar walikuwa wakizungumza naye hewani, kikafungwa 1964 baada ya Mapinduzi. Pesa zile zile anazozilalamikia Marvin, chache zilishuka Tunguu. Wazee wa huko ulizeni, mkiwakuta.

Kwa wanaotaka kununua: CD ya kawaida inatosha kwa kuanzia. Mwenye kupenda vitu vya ndani atafute lile toleo la 2001 la diski mbili, lina ile michanganyo ya mwanzo ya Detroit kabla haijapelekwa Los Angeles kumaliziwa, kavu zaidi, besi iko mbele, mie naipenda hiyo kuliko iliyotoka, na pia lina onyesho lake la Mei 1972 kwenye ukumbi wa Kennedy Center, Washington. Santuri ya asili bei yake ni ya watalii, achaneni nayo. Na msinunue zile CD za nyimbo bora za Marvin mkadhani mmeipata, humo kuna nyimbo tatu tu za hapa na zimekatwa mikia.