4K Ultra HD Blu-ray: Dua la Kuku Halikumpata Mwewe

Diski hii ya filamu, yenye picha kali kuliko ya DVD na Blu-ray ya kawaida, ilianza kuuzwa mapema mwaka 2016, na kaburi lake lilikuwa limeshachimbwa kabla hata deki yake ya kwanza nchini Marekani, Samsung UBD-K8500, haijafika madukani. Hoja ya wachimbaji ilikuwa moja: filamu zimehamia mtandaoni, nani atanunua tena kisahani cha plastiki? Lakini diski mpya bado zinatoka, na kwa picha na sauti inazipita huduma za mtandaoni zilizozoeleka. Udhaifu inao, tena mkubwa, ila si ule uliotabiriwa.

Tuanze na kilichomo ndani. Diski ya tabaka mbili hubeba gigabaiti 50 au 66, ya tabaka tatu 100. Filamu ya saa mbili ikijaza gigabaiti 100, wastani wake ni megabiti 111 hivi kwa sekunde, na mfumo unaruhusu zaidi ya hapo. Netflix, kwa kulinganisha, humshauri mteja awe na intaneti ya megabiti 15 ili atazame 4K. Tofauti hiyo huioni kwenye uso wa mtu aliyesimama mchana kweupe. Iangalie kwenye moshi, mvua, ukungu na vyumba vyenye giza, ambako picha ya mtandaoni huvunjika vipande vya mraba au rangi hujipanga kwa mistari kama ngazi. Pikseli ni 3840 kwa 2160, na kila rangi ya msingi ina viwango 1024 badala ya 256 vya Blu-ray ya kawaida. Angalizo moja: filamu nyingi zilikamilishwa studio kwa 2K, yenye pikseli chache zaidi, kisha zikakuzwa. Kwa hizo, faida iko zaidi kwenye HDR, yaani mwanga na rangi, kuliko kwenye ukali wa picha.

Diski za 4K hazina msimbo wa kanda, yaani kufuli linaloifunga diski kwa eneo fulani la dunia, kwa hiyo iliyonunuliwa popote itacheza kwenye deki yoyote ya 4K. Blu-ray ya kawaida inayofungwa kwenye boksi hilohilo inaweza kuwa na msimbo A, B au C. Hapo ndipo watu hudhani wameuziwa diski mbovu.

Sasa hao watabiri walikosea wapi? Mchezo wenyewe ni wa zamani. DVD ilipoingia Japani mwaka 1996 na Marekani 1997, iliambiwa haitaishinda kanda ya VHS kwa sababu hairekodi, na LaserDisc ikatolewa kama ushahidi kwamba watu hawataki filamu kwenye diski. Lakini LaserDisc ilikuwa sahani ya sentimita 30 yenye dakika zisizozidi 60 kila upande; ilibidi uinuke katikati ya filamu kuigeuza. DVD ilikuwa ya sentimita 12, ikaimaliza filamu bila kumnyanyua mtu. Na kazi kubwa ya deki ya video katika nyumba nyingi ilikuwa kucheza, si kurekodi. Mwaka 1998 duka la Marekani, Circuit City, lilileta DIVX, diski ya kutazamwa ndani ya saa 48 tangu uchezaji wa kwanza, kwenye deki iliyounganishwa na laini ya simu. Ilisemwa soko litagawanyika na DVD itakufa nalo. Juni 1999 ikafa DIVX. Kufikia 2003 ukodishaji wa DVD nchini Marekani ulikuwa umeupita wa VHS.

Blu-ray nayo ikapata zamu yake. Mwaka 2008 Steve Jobs wa Apple aliifananisha na mfuko wa maumivu, akilalamikia ugumu wa leseni. Mwaka huohuo Andy Griffiths wa Samsung Uingereza aliipa miaka mitano. Miaka minane baadaye, Samsung hiyohiyo ndiyo iliyotoa deki ya kwanza ya 4K nchini Marekani! Kuna utabiri uliotimia, wa kufa kwa HD DVD, mpinzani wa Blu-ray kutoka Toshiba, lakini si watazamaji walioamua peke yao: studio ya Warner ilihamia Blu-ray Januari 2008 na Toshiba ikanyoosha mikono tarehe 19 Februari. Kosa la wengi ni kupima kila mfumo mpya kwa kuuliza kama utamng'oa mkubwa aliyepo. Blu-ray haikuing'oa DVD kama DVD ilivyoing'oa VHS, na 4K haikuing'oa Blu-ray. Haikuhitajika. Deki ya 4K hucheza zote tatu, kwa hiyo mnunuzi hatupi maktaba yake, na studio hupata wateja wachache walio tayari kulipa zaidi.

Kwa upande wa deki, Panasonic DP-UB820 ndiyo tunayoiweka juu. Ina Dolby Vision na HDR10+, aina za HDR zinazorekebisha mwanga tukio kwa tukio, na kipengele chake cha HDR Optimizer huishusha mianga mikali ifae televisheni isiyong'aa sana. Ndugu yake mdogo UB420 haina Dolby Vision. Sony UBP-X700 ni nafuu na inasoma vizuri, ila ina kero moja: Dolby Vision lazima uiwashe mwenyewe kwenye menyu, na ukiisahau ikiwa imewashwa, hata diski isiyo nayo itatolewa kama Dolby Vision na rangi zake zitapotoka. PlayStation 5 yenye mlango wa diski na Xbox Series X hucheza diski za 4K, lakini kwa Dolby Vision ya kwenye diski hazifai. Utapata HDR10 tu, ile HDR ya msingi. PS4 Pro, licha ya jina, haisomi diski hizi kabisa.

Malalamiko mengi yanayodaiwa kuwa ya diski ni ya mipangilio. Picha ikija bila HDR, fungua menyu ya televisheni na utafute ruhusa ya mlango wa HDMI uliotumia: Samsung huiita Input Signal Plus, LG huiita HDMI Deep Colour, Sony huiita Enhanced format. Mara nyingi kila mlango una ruhusa yake, kwa hiyo ukihamisha waya unaanza upya. Picha ikishuka hadi 1080p, kuna kifaa njiani kisicho na HDCP 2.2, kinga ya kuzuia kunakili, kwa kawaida amplifaya ya zamani. Dawa yake ni deki yenye milango miwili ya HDMI: mmoja upeleke picha kwenye televisheni, wa pili sauti kwenye amplifaya. Skrini ikizima sekunde moja na kurudi, shuku waya kwanza. Tumia ulioidhinishwa kwa gigabiti 18 kwa sekunde, usio mrefu kuliko inavyohitajika.

Sauti ina mtego wake. Atmos, sauti inayokuzunguka hadi juu ya kichwa, haitatoka hadi deki iwekwe kwenye bitstream, yaani ipeleke sauti bila kuifumbua, na sauti ya pili, ile inayochanganya milio ya menyu na maelezo ya ziada, izimwe. Na kama sauti inapitia televisheni, ARC ya kawaida, njia ya HDMI inayotoa sauti kwenye televisheni kwenda amplifaya, haibebi Dolby TrueHD, sauti ya diski isiyopunguzwa ubora. Inahitajika eARC, toleo lake jipya, pande zote mbili.

Diski kuganda ndiyo kasoro halisi ya mfumo huu. Data ya Blu-ray iko milimita 0.1 tu chini ya uso, wakati ya DVD iko milimita 0.6. Kuna ganda gumu linalozuia mikwaruzo, lakini alama ya kidole ambayo DVD ingeivumilia hapa inatosha kuipoteza leza, hasa kwenye diski za gigabaiti 100 inapovuka kutoka tabaka moja kwenda jingine. Futa kwa kitambaa laini kikavu kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa mzunguko. Zima deki, ichomoe kwenye umeme kwa dakika chache, sasisha programu yake, kisha jaribu tena. Ikiganda sekunde ileile kwenye deki mbili tofauti, diski ni mbovu, irudishe.

Wasiwasi wetu uko kwenye deki. Oppo ilijitoa 2018, Samsung ikasitisha deki mpya kwa Marekani 2019, LG ikafuata mwishoni mwa 2024. Waliobaki wakubwa ni Sony na Panasonic. Kompyuta si kimbilio: uchezaji rasmi ulitegemea SGX, sehemu ya usalama ndani ya prosesa za Intel, na Intel iliiondoa kwenye prosesa za Core kuanzia kizazi cha 11. Ukinunua deki iliyotumika, nenda na diski yako ya gigabaiti 100, iache icheze mfululizo zaidi ya saa moja, ruka sura kadhaa mbele na nyuma, kisha sikiliza trei inavyofunguka. Ikisitasita au leza ikitafuta kwa kelele, iache hapohapo hata ikiwa imeshushwa bei.